Nibebe Leo Tu

Sehemu ya sita

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia sabuni, usihangaike kuifungua. Nitakurudisha mwenyewe.

Mimi ni mkata maboksi. Nilikuwa na vidole kumi, kazi moja na shemeji mmoja, mume wa dada yangu, aliyesimama mashine ya pili kutoka yangu. Tulifanana urefu, kipara na hata mwendo, mpaka kiwandani wakatuita Pacha wa Ndoa.

Kiwandani kwetu kuna kitu kinaitwa kubebana. Ukipata shida ya siku moja, mwenzako aliye mapumzikoni anakuja, anapiga kadi yako kwenye saa ya mlangoni, anasimama kwenye mashine yako, na ofisi inaona kadi imepigwa, inaridhika. Ofisi inajua kadi. Watu tunajuana wenyewe.

Siku ya kwanza ya likizo yangu, shemeji akaniambia, "Nibebe leo tu."

Nikambeba. Nilipiga kadi yake saa moja na dakika nne asubuhi. Saa nne, mashine yake ikanila vidole vitatu vya mkono wa kulia. Karani akaja mbio, akachungulia kadi, akaandika jina la shemeji kwenye fomu ya ajali. Wodini muuguzi akaniita kwa jina hilo, nami nikaitika, siku nne mfululizo.

Siku ya nne natoka hospitali, nakuta viti vimepangwa nje kwa dada. Shemeji alikuwa ameanguka kutoka ghorofa ya tatu ya jengo linalojengwa, alikokwenda kufanya kibarua. Siku ileile niliyombeba. Saa nne ileile.

Hapo ndipo tulipoachana.

*

Nianze na jeneza, nilitue hilo kwanza.

Nilisimama karibu nalo kuliko mtu yeyote, nikatazama mikono yake. Nilihesabu vidole. Usiniulize kwa nini. Vilikuwa kumi.

Wenzetu sita wa kiwandani walikuja kuzika. Walitazama bendeji yangu, wakatazama jeneza, wakatazama viatu vyao. Kila mmoja wao alikuwa amewahi kubeba na kubebwa.

Dereva wa foklifti ndiye pekee aliyenisogelea.

"Pole, Saba," akaninong'oneza.

"Saba ndiye nani?"

"Hesabu mwenyewe."

Nilikaribia kucheka. Mazishini! Huyo ndiye mimi, msomaji wangu, hata simba akinila mguu nitamwuliza kama chumvi imekolea.

"Dada yako umemwambia?" akauliza.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Watu wakishaondoka."

Watu wakaondoka. Wiki ikaondoka. Mwezi ukakaribia kuondoka. Nilichosema ni kwamba niliumia kazini, na huo haukuwa uongo. Uongo ulikuwa ndani ya yale niliyoyameza.

Kiwandani nako, kwenye karatasi, mambo yalikaa hivi: marehemu alikuwa mgonjwa, yuko nyumbani anauguza mkono. Mimi niliyekuwa nauguza mkono nilikuwa mtoro, likizo imeisha sijaonekana. Nikaletewa barua ya onyo. Yeye aliletewa salamu za kumtakia nafuu, nikampokelea.

Cheka. Na mimi nilicheka, mara moja.

Kisha vidole vikaanza.

Daktari alikuwa amenionya kwamba kiungo kilichokatika kinaweza kuwasha kana kwamba bado kipo. Kuwasha ningevumilia. Vyangu havikuwasha. Vyangu vilishika.

Kila asubuhi, saa moja na dakika nne, vile vidole vitatu ambavyo havipo vilishika kadi. Nilisikia ukingo wake mgumu. Nilisikia inavyoteleza kwenye mdomo wa saa, na saa inavyoing'ata, tak. Naamka nimeunyosha mkono ukutani kama mwendawazimu.

Na jina. Mtu akimwita mtu mwingine barabarani kwa jina lile la shemeji, mimi ndiye ninayegeuka. Siku moja mwenye duka aliita hivyo mara mbili, mteja mwenyewe kanyamaza, mimi nikaitika, "Nipo." Wote dukani wakageuka. Wanajua nimezika mwenye jina hilo.

"Kichwa hicho kikapumzike," mwenye duka akaniambia, na hakutaka kupokea hela ya kiberiti.

*

Wakati mimi naitika majina ya watu, dada alikuwa anapambana.

Dada yangu ni fundi cherehani. Hasemi sana. Anakanyaga. Ukisikia cherehani yake inakwenda mbio, jua ana hasira. Ikinyamaza, kimbia.

Alikwenda kwenye lile jengo na Mjomba wetu, kaka wa marehemu mama, maana mimi nilijisingizia homa. Mjomba alirudi amevimba kama mkate.

"Yule nyapara wao ana uso wa mbao," akasema. "Anasema, 'Simjui mtu huyo. Kwangu hakuna jina lake.' Nikamwuliza, mtu ameanguka mbele ya vibarua arobaini, na wewe nyapara humjui? Anasema, 'Vibarua wengi, mzee. Labda alipita njia.' Alipita njia! Ghorofa ya tatu ni njia ya kwenda wapi?"

"Hawaandiki vibarua," dada akasema. "Anakuja, anafanya, anaondoka. Akifa, hakuja."

"Kwa hiyo?" nikauliza.

"Kwa hiyo nakwenda ofisi ya fidia. Mume wangu amefia kazini. Sheria inasema mjane na watoto wanalipwa, mpaka watoto wakue. Siombi msaada mimi. Nadai."

Akajaza fomu. Penye kazi ya marehemu aliandika kila kitu, na kiwanda cha maboksi pia, maana ni mtu mkweli. Faili likapokelewa na mama mmoja wa pale ofisini ambaye miwani yake inaning'inia kwa kamba. Mjomba alimwita Mama wa Mafaili, na sisi tukamwita hivyohivyo.

"Yule mama hacheki," Mjomba akatuambia. "Lakini anasoma. Anasoma mpaka nyuma ya karatasi."

Wiki mbili baadaye majibu ya wenye jengo yakafika. Tulikuwa sebuleni kwa dada, watu watatu, vikombe vitatu. Dada akaweka karatasi moja mezani.

"Someni."

Sikuhitaji kuisoma. Niliijua nilipoiona tu. Ilikuwa nakala ya kadi.

Mjomba akavaa miwani, akasoma, kidole chini ya kila herufi. "Aliingia saa moja na dakika nne. Kiwandani. Tarehe... ndiyo tarehe yenyewe." Akavua miwani. "Wanasema siku hiyo marehemu alikuwa kiwandani, kadi yake hii hapa. Kwa hiyo kwao hakuwepo. Na kama hakuwepo, hakuanguka."

"Wameghushi," dada akasema.

"Muhuri wa kiwanda ni wa kweli, mwanangu. Labda kuna mtu aliyempigia."

Cherehani ilikuwa pembeni, kimya kabisa.

Dada akaichukua ile karatasi, akaitazama kwa muda mrefu. Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayesoma vipimo vya suruali.

"Basi aliyeipiga kadi hii, mkono wake ukatike."

"Usiseme hivyo," Mjomba akaruka.

"Ukatike. Yeye ndiye aliyemuua mume wangu mara ya pili. Ya kwanza alianguka mwenyewe."

Nilikuwa nimeshika kikombe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mapajani, chini ya meza, kama mbwa aliyeiba.

Nimewahi kuchelewa vitu vingi katika maisha haya. Nimechelewa shule, nimechelewa kazi, nimechelewa hata harusi yangu, wiki ya pili mliisoma. Lakini laana kuchelewa? Kufika mwezi mzima baada ya mkono kukatika, kugonga mlango, kukuta kazi imeshafanywa?

Dada akageuka, akaniona nilivyokuwa. Uso wake ukalainika ghafla.

"Jamani, mdogo wangu," akasema. "Nisamehe. Nimetaja mkono mbele yako."

Akaniwekea mkono begani. Alikuwa ananiomba msamaha, mimi.

Chini ya meza, vidole vitatu vikashika kadi.

*

Jumatatu akanitumia ujumbe: "Njoo. Peke yako."

Nilimkuta kwenye cherehani. Hakanyagi. Kulikuwa na barua ya ofisi ya fidia juu ya kitambaa, imeshafunguliwa.

"Imeletwa asubuhi," akasema. "Ya mume wangu."

"Ya madai yako?"

"Nimesema ya mume wangu. Jina lake, anwani yake. Kaa."

Nikakaa.

Akasoma. "Unaombwa ufike wewe mwenyewe siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, ili daktari aupime mkono wako wa kulia, na kukadiria kiwango cha ulemavu kilichotokana na kupoteza vidole vitatu kazini."

Akaikunja barua. Akaikunja tena.

"Mume wangu nilimvalisha mimi soksi za mwisho," akasema. "Mikono yake nilimfungia mimi vifungo. Weka mkono mezani."

Nikaweka wa kushoto.

"Huo mwingine."

Nikauweka. Akahesabu, akigusa kimoja kimoja kwa ncha ya mkasi, polepole, kama anahesabu vifungo. "Moja. Mbili." Akafika penye makovu. Hakuhesabu tena.

"Aliniambia umemwombea ruhusa kazini," akasema. "Alisema, 'Shemeji amenifanyia mpango, nimepata ruhusa siku moja.' Alitaka kuninunulia mota ya cherehani, magoti yangu yamechoka. Kumbe ruhusa yenyewe ni wewe."

"Dada..."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Sema sasa, mimi si polisi."

Nikamwambia yote, maneno yakikimbizana. Kwamba nikikiri kadi niliipiga mimi, nitafukuzwa siku hiyohiyo. Kwamba vidole vyangu havitalipwa, maana siku hiyo kwenye karatasi mimi nilikuwa likizo, na mtu wa likizo hakatwi na mashine. Kwamba kudanganya saa ya kazi na fomu ya ajali wanaweza kuniita mhalifu, na mahakama zipo.

"Hayo ni yako," akasema. "Ya kwangu je?"

Nikautazama mkasi.

"Nikuambie ya kwangu. Usiposema, mume wangu hakufa. Yuko kiwandani, anakata maboksi. Wanangu baba yao yuko kazini, atarudi jioni. Hiyo ndiyo ya kwangu."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu viti."

Alinyanyuka. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari, hata nilisogeza kiti ili apate nafasi. Akaenda kwenye msumari nyuma ya mlango, akashusha shati. La kijani, mikono mirefu, kifungo cha tatu chekundu kwa sababu cha kijani kilipotea na dada alishona kile alichokuwa nacho. Shemeji alilivaa kwenda na kurudi popote. Tulikuwa tunamtania kwamba kile kifungo ni taa ya breki.

"Hili lilirudi kwenye mfuko wa hospitali," akasema. "Nguo nyingine zote sikuweza kuzitazama. Hili safi. Mtu kaanguka ghorofa tatu, shati lake safi! Ila hapa, ndani ya kola, tone moja la damu. Nimelitazama mwezi mzima, silielewi."

Akalitia kwenye mfuko wa plastiki. Akafungua droo, akatoa cheti cha kifo, akakitia juu ya shati.

"Alhamisi wataita jina lake. Na mimi wameniita Alhamisi hiyohiyo, kwa faili langu. Ukitaka kuwa yeye, vaa. Watakulipa vidole vyako kwa jina lake, na kazi utaibakiza. Ukitaka awe amekufa, toa karatasi."

"Wewe unataka nifanye nini, dada?"

Akakaa kwenye cherehani. Akaweka mguu.

"Siku ile hukuniuliza," akasema, akaanza kukanyaga.

*

Alhamisi nilivaa shati. Cheti nikakiweka kwenye mfuko wa kifuani.

Nilijiambia nitaamua nikifika. Ndivyo sisi waoga tunavyoamua: tunabeba vyote, halafu tunaomba mlango uwe umefungwa.

Haukuwa umefungwa. Kwenye benchi la ofisi ya fidia tulikuwa watu watano na mikono minane, hesabu utakavyo. Dada alikaa mwisho kabisa wa benchi. Aliona shati, akageuza uso akatazama ukuta.

Mama mmoja wa dobi, mkono mzima umeungua mvuke, akanigonga bega. "We wa nini, kaka?"

"Vidole."

"Vingapi?"

"Vitatu."

"Ah. Bado mwanafunzi."

Mzee aliyekaa wima kama amemeza ufagio akaguna. "Mshukuru Mungu, kijana. Mimi mgongo. Mgongo hauonekani. Kila nikija wananiambia mbona umekaa vizuri. Nikikaa vibaya wanasema naigiza. Vidole vyako vinajieleza vyenyewe."

"Havielezi vizuri," nikasema.

"Wataelewa. Kazi yao kuhesabu."

Mlango ukafunguliwa. Mhudumu akaita jina la shemeji.

Sikusogea.

Akaita mara ya pili. Nilimtazama dada. Alikuwa bado anatazama ukuta, na mguu wake ulikuwa unapanda na kushuka sakafuni, unakanyaga cherehani ambayo haikuwepo.

Mara ya tatu.

"Nipo," nikasema.

Nakuapia sikuamua. Ulimi ulizoea. Mwezi mzima ulikuwa unafanya mazoezi, wodini, barabarani, dukani, na siku ya mtihani ukajibu kabla yangu.

"Na mjane wa jina hilohilo," mhudumu akasoma, akasita, akaiangalia tena karatasi. "Samahani. Ndivyo ilivyoandikwa. Muingie wote."

Mzee wa mgongo akanitazama mimi, akamtazama dada, akajisogeza mbali nami kwa kasi ambayo ingemharibia kesi yake yote.

*

Chumba kilikuwa kidogo. Meza moja, daktari mmoja mwenye rula, dirisha moja. Dirishani mtu mnene alikuwa amesimama akitupa mgongo, anaangalia simu yake. Nilidhani ni fundi wa feni.

Mama wa Mafaili alivaa miwani yake ya kamba.

"Nina mafaili mawili," akasema. "Jina moja, tarehe moja, saa moja. Faili hili linasema mtu amekatika vidole. Hili linasema mtu huyohuyo amekufa. Nimefanya kazi hapa miaka kumi na tisa, nimeona watu waliokufa wakaja kudai, lakini hawakuja na wajane wao. Leo mtu mmoja atatoka humu na faili moja."

Dada alisimama kando ya mlango.

"Wewe." Mama wa Mafaili akanitazama juu ya miwani, akataja jina la shemeji, jina lote, la kwake na la baba yake. "Ndiye wewe?"

Cheti kilikuwa kifuani. Nilikisikia kila nilipopumua. Mkono wa kulia ukaanza kupanda kwenda mfukoni, na hapohapo vile vidole vikashika. Kadi. Ukingo wake. Mdomo wa saa.

Tak.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

Dada akafumba macho.

Yule mtu wa dirishani akageuka.

Nilimwona anavyoniona. Alianza na kipara. Akashuka usoni. Akashuka kwenye shati, akafika kwenye kile kifungo chekundu, akaganda. Simu ikamponyoka ikaanguka, na hakuitazama.

"Hapana," akasema.

"Nyapara," Mama wa Mafaili akasema, "zamu yako bado."

Nyapara! Sikuwahi kumwona. Siku dada na Mjomba walipokwenda, mimi nilikuwa na ile homa yangu ya uongo.

"Hapana, hapana." Alikuwa anarudi nyuma, mgongo umegonga dirisha. "Huyu siye. Huyu hawezi."

"Hawezi nini?" Mama wa Mafaili akafungua faili, akatafuta ukurasa bila haraka. "Umeandika hapa, na sahihi yako hii: 'Mtu huyo simjui na sijawahi kumwona.' Sasa hawezi nini?"

"Shati hilo!" Sauti ilimtoka nyembamba, haikuendana na mwili wake. "Alilitundika kwenye msumari ili lisichafuke. Mimi ndiye niliyelishusha. Mimi mwenyewe nilimfunika nalo uso, watu walikuwa wanamtazama. Alikuwa amekufa, mama! Nilimshika shingo hapa, alikuwa ameshakufa!"

Daktari alikuwa ameshika rula hewani. Mama wa Mafaili akachukua kalamu. Akaandika polepole, akijisomea kila neno kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Mimi... mwenyewe... nilimfunika... uso."

Nyapara akasikia alichokisema. Uligeuka uso wa mbao kweli, mbao iliyonyeshewa.

Nilimtazama dada. Alikuwa ameweka kiganja kwenye kola yake mwenyewe, pale penye lile tone katika shati la mumewe.

"Ulimfunika wewe?" akamwuliza Nyapara.

"Nisamehe, mama. Nilikuwa na wakubwa wangu juu yangu..."

"Sijakuuliza wakubwa. Ulimfunika?"

"Ndiyo."

"Basi hakulala wazi," dada akasema, hakumwambia yeyote, na akakaa chini palepale sakafuni, mgongo mlangoni, mikono mapajani, kama mtu aliyemaliza kushona nguo kubwa.

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya kile ninachofanya siku zote, nikaanza kunyata. Mlango dada ameukalia. Dirisha Nyapara amelishika. Nimepita mashaka mengi, hili la kukosa hata pa kutorokea lilikuwa geni.

Mama wa Mafaili alifunga faili la kifo, akalipigapiga kwa kiganja.

"Hili limesimama," akasema. "Huyu mtu alikuwa kwenye jengo, na amekufa. Kadi ya kiwanda ilipigwa na mwingine."

Akavuta lile la vidole.

"Na kwa kuwa yeye amekufa," akaendelea, akivua miwani, ikaning'inia kifuani mwake, "wewe uliyesimama hapa ndani ya shati lake, ukaniambia mbele ya daktari kwamba ndiye yeye, wewe ni nani? Fikiri kabla ya kujibu. Jibu lako nitaliandika, na siyo mimi peke yangu nitakayelisoma."

Dada akainua kichwa. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Hakunisaidia wala hakunizuia.

Nikatoa cheti. Nikakiweka mezani, kwa ule mkono wa kulia, mchana kweupe, kila mtu auone. Kwa mara ya kwanza kwa mwezi mzima vile vidole viliachia.

"Jina lako," Mama wa Mafaili akasema, kalamu ikiwa juu ya karatasi. "Lako wewe."

Nikafungua mdomo.

Likaja jina la shemeji, nikalimeza. Nikatafuta lingine nyuma yake, lile aliloniita mama yangu, lile lililo kwenye kadi yangu mwenyewe ya kiwandani. Nilitafuta kama mtu anayepapasa swichi ya taa kwenye nyumba aliyokulia.

"Tunasubiri," akasema.

Halikuwepo.